Kabla Hujayasikia Redioni

Birikani, Voi,
Jumamosi mchana.

Kwa shemeji yangu Elijah Kituku,
Mahoo, Taveta.

Shemeji,

Nakusalimu wewe na Lois, na wote wanaolala chini ya paa lenu. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, migomba imesimama na maji bado yanafika kwenye mifereji yenu. Sisi huku tu wazima kwa kiasi ambacho mtu anaweza kujiita mzima. Mvua ilitudondokea siku moja, ikatuonjesha tu, kisha mawingu yakaenda zake upande wa Sagalla. Maji ya bomba yanakuja yanapotaka. Goti langu lile la kushoto linaniuma asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mumbe wetu bado ni muuguzi kule Mombasa, naye anawasalimu sana, hasa shangazi yake Lois.

Najua utashangaa kuona bahasha. Nimekupigia simu mara nyingi hukupokea, na sikulaumu. Nimekutumia ujumbe, nikaona umesomwa, jibu hakuna. Basi nimerudi kwenye njia niliyofundishwa na baba yangu, kalamu na karatasi. Nimempa Mama Thadeus wa kanisani, yule anayekuja soko la Taveta kununua ndizi, naye ameniahidi kuiweka mkononi mwako wewe mwenyewe. Nakusihi usiichane kabla hujafika mwisho. Jumanne kuna jambo litakalotangazwa redioni kuhusu dada yako, na sitaki wewe, uliyenyonya ziwa moja naye, ulisikie ukiwa kwa kinyozi pamoja na watu wanaocheka.

Nianze na mambo ya hapa nyumbani, maana ni muda mrefu hujakanyaga boma hili.

Tangu dada yako Tryphena achaguliwe kwenda Bungeni, nyumba yetu si nyumba tena. Mimi nilifanya kazi reli maisha yangu yote, nimezoea kuona watu wameketi wakingoja, lakini pale stesheni angalau walijua kwamba treni itafika. Hapa kwangu wanafika alfajiri kabla sijafungua lango. Kuna mama anayetafuta basari ya mtoto wa kidato cha kwanza. Kuna wazee wa Chawia ambao barabara yao ilibebwa na mvua ya mwaka jana, na mgonjwa akizidiwa huko juu hubebwa kwa kitanda hadi lami. Kuna wanawake wa Mata wanaosumbuliwa mpakani na mikungu yao ya ndizi. Na wengi, wengi mno, ni wale wa ndovu. Shamba limeliwa. Tangi la maji limepasuliwa. Mtoto amekaa nyumbani wiki nzima kwa sababu ndovu wamesimama kwenye njia ya shule. Dada yako alikuwa akitoka na kikombe chake cha chai, anakaa nao kwenye benchi, anamsikiliza mmoja mmoja.

Wewe unakumbuka jinsi alivyopata kile kiti, maana ndiwe uliyefunga spika juu ya pikapu. Walisema huyu ni Mkamba, ni wa kuja, atawakilishaje kaunti nzima ya Wataita na Wataveta? Yeye hakuwajibu jukwaani. Alishuka sokoni Mwatate akaanza kuwaita akina mama waliokuwa wakiuza kabichi. “Wakesho, ulikuwa unakaa dirishani, ukipenda kuchungulia nje.” “Mghoi, mama yako alipona ule mguu?” Alikuwa amewafundisha huko milimani miaka mingi na hakuna hata mmoja aliyempotea kichwani. Siku ile niliona wanawake wazima wakilia kwa kuitwa majina tu. Hizo ndizo kura zilizompeleka Nairobi, shemeji. Si pesa, wala si chama.

Huko Nairobi hakulala usingizi. Wengi hawajui ni yeye aliyesumbua wizara mpaka wale walimu wa muda wakaajiriwa, wala kwamba aliwahi kumsimamisha waziri mlangoni kumwuliza kwa nini maji yanatoka kwetu yakipita chini ya miguu yetu kwenda kwa wengine. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni ule mswada wake wa wanyamapori. Alitaka sheria ibadilishwe ili mtu akiuawa na ndovu, familia yake ilipwe fidia kabla mwaka haujapinduka, wasiachwe wakizungushwa ofisi hadi watoto wanakuwa watu wazima. Aliuandika, ukarudishwa, akauandika tena. Hata mezani alikuwa akiuzungumzia. Mimi nilifika mahali nikawa naujua kama nijuavyo zaburi.

Sasa nakuja kwenye yale yaliyotuvunja.

La kwanza ni ile kura ya mswada wa kodi. Unajua alivyouahidi umma hapa Voi, kwamba kodi ile ya mafuta na mbolea ataipinga hata kama chama kitamfukuza. Wakulima walimshangilia. Siku ya kura wabunge waliitwa mmoja mmoja, na jina lake lilipotajwa akasimama akajibu, “Ndiyo.” Nchi nzima ilimsikia. Jioni akanipigia simu, sauti imechangamka, akaniambia, “Baba Mumbe, tumeupinga. Tumeshindwa, lakini tumeupinga.” Nilikuwa mbele ya televisheni wakati huo, shemeji. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu. Nikadhani ananificha kitu, nikadhani labda ametishwa au ameahidiwa cheo na hataki nijue. Nakiri kwamba usiku ule nilimfikiria vibaya mke wangu.

Jumamosi alipokuja, vijana walikuwa wamejaa langoni na mabango na filimbi. Wengine ni watoto aliowatafutia nafasi za chuo. Walimwita msaliti. Jiwe likapita juu ya ua likavunja dirisha la sebuleni. Nilimwambia akae ndani, akanikatalia, akajifunga leso akatoka. Aliwaambia wazi, bila kupepesa, kwamba alipiga kura ya kupinga. Kijana mmoja, mwana wa Muinde wa gereji, alisogea akamwonyesha simu yake. Dada yako aliitazama ile video akiwa amesimama juani. Aliitazama ikaisha, akaomba achezewe tena. Kisha akamwuliza yule kijana kwa upole, “Huyu ni mimi?”

Wakaangua kicheko. Walidhani ni dharau, au ni werevu wa wanasiasa. Mimi nilikuwa nyuma yake na niliuona uso wake ulivyokuwa. Hakuwa akitania.

La pili unalijua, maana ulikuwepo. Ni yale mazishi ya Mata.

Nitakusimulia tena kwa sababu kuna upande ambao wewe hukuuona. Mwangangi aliuawa na ndovu jioni akifunga maji ya vitunguu vyake, akaacha mjane, Pauline Mutindi, na watoto wadogo. Tryphena alimjua marehemu kwa muda mrefu. Ndiye aliyekuwa akizunguka naye vijiji vya mpakani kukusanya malalamiko ya watu kwa ajili ya ule mswada. Habari zilipotufikia alilia mbele yangu, akakataa chakula. Kwa hiyo usidhani alikuja pale bila uchungu.

Njiani alikuwa sawa. Tulipofika alimkumbatia Pauline, akakaa, akaimba nyimbo zote. Alipopewa kipaza sauti alianza vizuri, mpaka nikatulia. Alisema kwamba serikali inayohesabu ndovu wake kila mwaka haina budi kuwahesabu na watu wake. Watu wakaitikia. Kisha akaanza kuangaza macho kwenye umati, akatabasamu lile tabasamu lake la sokoni, akamgeukia Pauline, na mbele ya jeneza akasema, “Na Mwangangi mwenyewe yuko wapi? Mbona hajaja kunisalimia?”

Kwanza watu walidhani ni maneno ya hotuba. Akarudia. Akasema mwiteni, mwambieni Mwalimu amefika. Pauline akapiga yowe. Nao wanawake wakaanza kunung’unika, wazee wakainuka, na simu zikawa juu zote zikirekodi. Nikasikia nyuma yangu mtu akisema, “Amelewa. Mheshimiwa amekuja matangani akiwa amelewa.”

Ndipo wewe ulipopita mbele ukachukua kile kipaza sauti mkononi mwake. Uliomba radhi kwa niaba ya ukoo wote. Ulisema Nairobi imemharibu dada yenu, kwamba pombe imemla, na kwamba asikanyage boma lako Mahoo mpaka siku atakayoiacha. Siandiki haya kukuchoma. Mtu yeyote mwenye heshima angefanya vile kwa alichokiona. Lakini wewe ulitazama umati, hukumtazama yeye. Alikuwa amesimama akikuangalia kama mtoto aliyepigwa darasani na hajui amekosa nini. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye gari, na tulipopita Bura aliniuliza Elijah amekasirikia nini.

Baada ya hapo ulimwengu mzima ulikuwa umeiona ile video. Watu wakamtungia jina ambalo silirudii hapa. Akina mama wa kanisani walituma wajumbe, wakaongea kwa adabu sana, wakamwomba apumzike kwenye uongozi wao mpaka mambo yake yatengemae. Langoni kwetu watu walipungua, na waliobaki walikuja wakiwa na ile sura ya kunusa pombe. Nami nilinyamaza. Mtu akiniuliza dukani kama mheshimiwa anaendeleaje na ile shida yake, nilijibu kwamba tunamwomba Mungu.

Shemeji, dada yako hajawahi kunywa pombe. Wala ile siku, wala siku nyingine yoyote ya maisha yake tangu nimjue. Ni mgonjwa.

Mumbe ndiye aliyetilia shaka. Aliiona ile video kule Mombasa akapanda treni siku ileile. Hakumwuliza mama yake chochote kuhusu pombe. Alikaa naye jikoni wakichambua mchicha, akamwuliza mambo madogomadogo, leo ni siku gani, nani alikuja asubuhi, dawa ya presha iko wapi. Nilikuwa mlangoni nikisikia majibu. Kisha Mumbe akaja nje kwangu, akaniambia, “Baba, tumpeleke hospitali, na tusipoteze muda.”

Tulimpeleka Nairobi. Wakampiga picha za kichwa, wakampima siku kadhaa. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Akatueleza kwamba ni ule ugonjwa wa kusahau, unaokula ubongo polepole, na kwamba kwa dada yako umeanza mapema kuliko kawaida. Hauna tiba. Kuna vidonge vya kuuchelewesha kidogo. Akauliza kama katika ukoo yupo aliyewahi kuwa hivyo, na Tryphena mwenyewe ndiye aliyejibu. Akasema, “Mama yangu.”

Wewe ndiye uliyemtunza marehemu mama hapo Mahoo, Elijah. Unakumbuka alivyokuwa akifunga mizigo kila jioni akisema anarudi kwao Kitui. Unakumbuka alivyokuita kwa jina la babu yako. Sote tulisema ni uzee. Daktari alishauri kwamba ndugu wa damu nao wapimwe, na hilo nimeona ni wajibu wangu kukuambia, ingawa najua ni zito. Ongea na Lois, mfanye mtakavyoona.

Utauliza kwa nini sikukuambia siku ileile. Nilitaka. Nilikuwa nimeshika simu pale kwenye veranda ya hospitali, nikitafuta jina lako, dada yako akaninyang’anya. Alisema mswada wake umebakiza kusomwa mara ya pili, na ikijulikana kwamba aliyeuleta ana ugonjwa wa kichwa, hakuna atakayesimama nao. Wataucheka na kuutupa. Nikamwambia watu wanamwita mlevi, kaka yake mwenyewe amemkataa hadharani. Akanijibu maneno ambayo siwezi kuyasahau: “Mlevi akiamka asubuhi watu humsikiliza tena. Mgonjwa wa kichwa akishajulikana hasikilizwi na mtu. Waache waniite mlevi, Baba Mumbe. Nipe mpaka mswada upite.”

Alichagua mwenyewe, akiwa na akili timamu, aibu ambayo haikuwa yake. Nami nikambebea siri hiyo. Tulikubaliana kwamba mswada ukishapigiwa kura, upite au uanguke, ataandika barua ya kujiuzulu na kusema ukweli wote.

Siku ya mswada ilifika, Jumatano asubuhi. Niliruhusiwa kuketi kule juu wanakokaa wageni. Nilikuwa naomba kimoyomoyo asisimame akauliza Mwangangi yuko wapi. Alisimama. Alikuwa amevaa lile gauni la buluu alilolishona Lois. Hakusoma popote. Aliongea kuhusu Mata, Mahoo na Kasigau, kuhusu mama anayepika chakula cha jioni saa tisa mchana ili moto uzimwe kabla ndovu hawajatoka. Akamtaja Mwangangi kwa jina lake lote na la baba yake. Akasema alikufa jembe likiwa mkononi, na kwamba mjane wake alipoenda kuuliza haki yake aliambiwa arudi mwezi ujao, na mwezi ule haujafika hadi leo. Shemeji, sijawahi kumsikia akiongea vile, hata alipokuwa kijana. Niliinamisha kichwa nikalia.

Lakini viti vilikuwa vitupu. Uchaguzi ni mwaka ujao na wengi walikuwa safarini na wakubwa wao, kwenye mikutano. Mbunge mmoja akasimama, akasema waliomo hawatoshi kuendelea. Kengele ikapigwa, ikalia muda mrefu. Waliingia wachache, wengine wakachungulia mlangoni na simu masikioni wakarudi. Spika akaahirisha kikao. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyeupinga mswada wa dada yako. Hawakuja tu. Na mwenye mswada akiondoka Bungeni, labda mwingine auchukue, na mpaka leo sijamwona huyo mwingine.

Sasa naandika lile linaloninyima amani.

Tulirudi na treni ya mchana. Alikuwa amekaa dirishani, ametulia, viatu amevivua. Tulipopita Mtito Andei aliona ndovu mbali kwenye ule udongo mwekundu, akawatazama, kisha akanigeukia akaniuliza, “Baba Mumbe, ulipita?”

Nikaelewa kwamba yote yale yameshamtoka, kengele, viti, Spika. Kilichobaki ni kwamba alisema vizuri. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, na macho yake yalikuwa yananingoja. Nikasema, “Ulipita.”

Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema, “Basi wamepona wale watoto wa Mwangangi.” Akalala mpaka Voi.

Ningeishia hapo ningejisamehe. Lakini wiki iliyofuata alianza kusitasita juu ya kujiuzulu. Alisahau kwamba tulikubaliana, akaanza kufungasha kurudi Nairobi, naye siku hizo alikuwa tayari amepotea mara moja hapa hapa Voi, karibu na soko, akaletwa na mtu wa bodaboda. Sikuwa na nguvu za kubishana naye. Nikamwambia mswada umepita, kazi uliyotumwa umeimaliza, sasa tia sahihi tupumzike. Akatabasamu, akasema ni kweli, akatia sahihi. Kwa hiyo si kwamba nilimdanganya tu ili kumfariji, shemeji. Niliutumia uongo ule kumtoa kwenye kiti alichopewa na watu. Mumbe anasema sikuwa na njia nyingine. Labda. Lakini kila nikiiona ile sahihi yake, bado nzuri kama ya mwalimu, naigeuza karatasi.

Na uongo haukukaa ndani ya nyumba. Siku moja nikiwa nje nashughulika na kuku, alimpigia simu Pauline Mutindi. Akamwambia sheria imepita, aende ofisini akachukue haki ya watoto. Pauline, pamoja na uchungu wote wa yale mazishi, alimwamini. Alifunga shamba, akaenda na mtoto mgongoni hadi kwenye ofisi, wakamwambia hakuna sheria kama hiyo, ameisikia wapi. Wakamtajia wao wenyewe jina la mheshimiwa, wakacheka.

Nilienda Mata juzi. Sikupita Mahoo, nisamehe, sikuwa na uso. Nilimkuta anavuna vitunguu. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama katikati ya matuta, ugonjwa, Bunge, treni, na kwamba uongo ulikuwa wangu. Alinisikiliza bila kuacha kung’oa. Nilipomaliza alijipangusa mikono, akaniuliza kama pale mbele ya jeneza mheshimiwa alikuwa kweli anamtafuta mume wake. Nikasema ndiyo, alidhani yuko hai. Halafu akasema, “Mimi pia asubuhi huwa namtafuta.” Akanigeuzia mgongo akaendelea na kazi. Hakunifukuza wala hakuniaga. Nilisimama kidogo, nikaondoka.

Jumanne barua ya kujiuzulu itasomwa Bungeni, na Mumbe ataongea na waandishi wa habari aeleze ugonjwa ule. Wale waliomtukana watasema pole, na baada ya wiki watakuwa wanazungumzia nani atakayegombea. Hayo siyajali.

Nakuomba uje. Siku anazokufahamu bado zipo, lakini zinapungua. Asubuhi ndiyo bora. Anakuulizia kila mara. Anauliza kwa nini Elijah hajaleta ndizi, kwani amekasirika? Nami najibu kwamba una kazi shambani. Yale ya Mata, maneno uliyomwambia mbele ya watu, hayamo kabisa kichwani mwake. Nimemjaribu. Hana hata chembe. Sasa kati yetu watatu tumebaki wawili tunaoyakumbuka, wewe na mimi. Usije kwa nia ya kumwomba msamaha, maana hatajua unaombea nini, utamtia hofu bure. Njoo ukae naye, mle.

Na atakuambia kwamba mswada ulipita. Huwa anamwambia kila mgeni, na uso wake wakati huo unakuwa kama ule wa siku ya harusi yetu. Mimi sina haki tena ya kukuelekeza umjibu nini. Utamtazama, kisha utaamua mwenyewe.

Msalimie sana Lois, na majirani wote wanaoniulizia. Dada yako amenikuta nikiandika, akauliza ni ya nani, nikamwambia. Amesema niongeze salamu zake, na kwamba mkilete kile kikapu chake kilichobaki kwenu. Sikijui kikapu hicho, huenda hakikuwahi kuwepo. Nimeandika alivyosema.

Ni mimi shemeji yako anayekuheshimu,

Sylus Mulinge.